Predators walinunua mabao, mabao hayakuja

Mchana wa Julai 1, 2024 nilikuwa zamu ghalani, simu inatetemeka mfukoni bila kupumzika. Kundi letu la WhatsApp la mashabiki wa Nashville Predators, timu ya hoki ya barafuni katika ligi kuu ya NHL ya Amerika Kaskazini, lina watu wachache tu, Wakongo, Warundi na Wakenya wawili tunaoishi huku Antioch, kusini-mashariki mwa jiji, na siku nyingi za kiangazi huwa kimya. Siku ile halikunyamaza. Steven Stamkos kasaini miaka 4. Jonathan Marchessault kasaini miaka 5. Beki Brady Skjei kasaini miaka 7. Ukijumlisha mikataba hiyo mitatu unapata dola milioni 108.5, zimetoka kwa siku moja. Mwenzetu mmoja akaandika kwa herufi kubwa kwamba safari hii kombe linakuja Tennessee, na mimi nikamuunga mkono kwa moyo wote.

Msimu ukaanza kwa kupoteza mechi 5 mfululizo. Ukaisha na ushindi 30 katika mechi 82, pointi 68, nafasi ya 30 kati ya timu 32 za ligi. Mwaka mmoja kabla, bila hayo majina makubwa, timu hiyohiyo ilikuwa imekusanya pointi 99 na kuingia mchujo. Stamkos alikuwa ametoka kufunga mabao 40 akiwa Tampa Bay, Marchessault mabao 42 akiwa Vegas. Hayo ni mabao 82. Nashville wakapata 27 kutoka kwa mmoja na 21 kutoka kwa mwingine, na timu iliyokuwa inafunga zaidi ya mabao 3 kwa mechi ikashuka hadi kuwa miongoni mwa timu zilizofunga kidogo kuliko zote.

Sasa ni kiangazi cha 2025, na kila ninapokaa na mashabiki wenzangu swali ni lilelile: tumsajili nani atufungie? Nadhani swali lenyewe ndilo linalotuponza. Nashville hawajawahi kukosa watu wa kupiga. Wanachokosa, na wamekikosa tangu siku ya kwanza, ni mtu wa kuwapa.

Kwa msomaji aliyezoea soka, hoki ya barafuni inaeleweka haraka. Kila upande una watu sita, mmoja wao kipa. Mabeki ni wawili, mawinga wawili, na katikati yupo senta. Wanakimbiza paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, kwa magongo, juu ya viatu vya vyuma. Senta ndiye kiungo wao. Anapambana ili paki ianze upande wake, anaichukua kwa mabeki, anaivusha, anawavuta walinzi wa adui kumfuata, kisha anaitoa kwa aliyebaki peke yake. Bao linaandikwa kwa jina la mpigaji, na wawili waliogusa kabla yake wanapewa asisti. Gazetini asubuhi utasoma jina la kwanza tu.

Sasa mtazame Stamkos kwa karibu, maana hakuna mfano ulio bora kuliko yeye. Kwa miaka mingi pale Tampa alikuwa na sehemu yake, duara la kushoto lililochorwa barafuni karibu na goli, hasa pale mpinzani mmoja anapotolewa kwa adhabu na mchezo unakuwa watano dhidi ya wanne. Anasimama pale goti limekunjwa, gongo limeshainuliwa nyuma kabla paki haijafika. Kwa kuwa anapigia mkono wa kulia, uso wa gongo lake unaelekea katikati ya uwanja, kwa hiyo pasi inayokatiza kutoka kulia inamkuta iko tayari kugongwa. Hatulizi. Hatazami goli. Anagonga paki ikiwa bado inatembea, na kipa aliyekuwa amefunga upande wa kulia hana muda wa kuteleza hadi kushoto. Karibu nusu ya yale mabao 40 ya msimu wake wa mwisho Tampa yalipatikana wakati wa adhabu, mengi kwa mtindo huohuo.

Lakini hiyo pasi ilitoka kwa nani? Mara nyingi ilitoka kwa Nikita Kucherov, winga aliyetoa asisti 100 katika msimu wa 2023-24. Mia moja. Kucherov hakupanda ndege kuja Nashville. Tampa walipoachana na Stamkos, nahodha wao, nafasi ile walimpa Jake Guentzel, mwenye miaka 29, kwa mkataba wa miaka 7. Msimu wake wa kwanza Guentzel akafunga mabao 41. Kabla ya hapo alikuwa amefikisha mabao 40 mara mbili akiwa Pittsburgh, kandokando ya senta Sidney Crosby. Mpigaji wa Tampa amebadilika na idadi ya mabao imebaki palepale, kwa sababu mtoaji hajahama. Sisi tulinunua gongo, mkono uliokuwa ukililisha tukauacha Florida.

Halafu kuna jambo ambalo lilipaswa kuonekana hata kabla kalamu haijagusa karatasi. Filip Forsberg, mfungaji wetu bora, aliyetoka kuweka rekodi ya klabu kwa mabao 48, ni winga wa kushoto anayepigia mkono wa kulia. Duara lake ni la kushoto. Stamkos anapigia kulia, duara lake la kushoto. Marchessault naye anapigia kulia. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapa waliletwa watatu. Oktoba na Novemba 2024 nilikuwa ninaona jambo lilelile kila mechi. Adhabu inatolewa, wanaingia watu wenye mamia ya mabao kati yao, paki inazungushwa nje, inazungushwa tena, kila mmoja amesogea mahali anapopenda kupokea, na hakuna anayeingia ndani kuvuruga walinzi. Dakika 2 zinaisha na kipa wa upande wa pili hajatoa jasho.

Ryan O'Reilly alijitahidi kuwa katikati ya hayo yote. Ni senta wa heshima, mwenye akili ya mchezo, hodari wa kuzuia. Lakini ni mmoja, tena umri umeshasogea, na senta mmoja hawezi kulisha mistari miwili, yaani vikundi viwili vya watatu wa mbele vinavyopokezana. Stamkos mwenyewe alianza maisha yake ya hoki kama senta, basi kuna nyakati walimrudisha katikati, eti aanzishe mashambulizi. Mtu aliyejijengea jina kwa kumalizia kazi ya wenzake anaambiwa, akiwa na miaka 34, aanze kuifanya kazi hiyo yeye.

Ninaumia zaidi nikikumbuka kwamba jibu sahihi lilikuwa limeshapatikana mwaka mmoja tu kabla. Kiangazi cha 2023 Barry Trotz alianza kazi ya umeneja mkuu. Huyu ndiye aliyekuwa kocha wa kwanza wa klabu kuanzia 1998 hadi 2014, akaenda Washington na kutwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi, mwaka 2018. Aliporudi alimsajili O'Reilly kwa dola milioni 4.5 kwa mwaka, na Gustav Nyquist kwa kiasi cha dola milioni 3 na kidogo. Hakuna aliyepiga honi barabarani. Nyquist akawa anachezea winga ya pili ya mstari wa Forsberg na O'Reilly, na akamaliza msimu na mabao 23 na asisti 52. Asisti 52 kutoka kwa mtu ambaye nusu ya jiji haikumjua! Forsberg alifikisha mabao 48 akiwa katikati ya watoaji wawili wa bei nafuu. Timu ilicheza mechi 18 mfululizo bila kukosa pointi, Februari na Machi 2024, na uwanja wetu wa Bridgestone ulikuwa unanguruma hadi mtaa wa Broadway.

Nikubali kwamba Nyquist huyohuyo alichuja vibaya msimu uliofuata, akarudishwa Minnesota Machi 2025. Umri haumsamehi mtoaji wala mpigaji. Lakini somo la kiangazi cha 2023 halikuwa jina la Nyquist, lilikuwa aina ya mchezaji. Mwaka uliofuata klabu ikawa na fedha mkononi na sifa masikioni, ikaenda kununua aina nyingine kabisa.

Na hii si mara ya kwanza. Mwaka 2017 Kyle Turris aliletwa kupitia biashara ya timu tatu, akapewa mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 36. Mwaka 2020 mkataba ukavunjwa, na kiasi cha dola milioni 2 kwa mwaka kinaendelea kukatwa kwenye bajeti ya mishahara hadi msimu wa 2027-28. Mwaka 2019 beki P.K. Subban aliondolewa ili kupata nafasi ya Matt Duchene, dola milioni 56 kwa miaka 7. Duchene alipata msimu mmoja mkubwa wa mabao 43, kisha naye mkataba wake ukavunjwa Juni 2023, na malipo yake yanafika 2028-29. Akaenda Dallas. Msimu wa 2024-25 alimaliza na mabao 30 na asisti 52. Mchezaji tunayemlipa asicheze kwetu ana jumla ya mabao na asisti kubwa kuliko kila mchezaji wetu, na nimeihakikisha hesabu hiyo mara mbili: Forsberg, aliyeongoza timu, alikuwa na mabao na asisti 76 kwa jumla, Duchene 82.

Huku wakinunua wakubwa, wadogo walikuwa wanatoka mlango wa nyuma. Kevin Fiala alichaguliwa na klabu mwaka 2014, akauzwa Minnesota Februari 2019 akiwa na miaka 22 kwa kubadilishana na Mikael Granlund, ambaye alitakiwa kuwa jibu la haraka. Miaka mitatu baadaye Fiala alikuwa na mabao na asisti 85 kwa msimu. Eeli Tolvanen, kijana wa Kifini mwenye shuti la kutisha, aliachwa achukuliwe bure na Seattle mwaka 2022. Philip Tomasino, chaguo la raundi ya kwanza la 2019, alipelekwa Pittsburgh Novemba 2024, wakati timu yenyewe inalia njaa ya mabao.

Ukitaka kuijua historia ya klabu hii kwa takwimu moja, ni hii: rekodi ya mabao na asisti nyingi zaidi kwa msimu mmoja, 96, inashikiliwa na Roman Josi, na Josi ni beki. Makipa tumetoa wa daraja la dunia, Tomas Vokoun, Pekka Rinne, Juuse Saros. Mabeki tumetoa Shea Weber, Ryan Suter, Josi mwenyewe. Senta wa kiwango hicho hatujawahi kumkuza hata mmoja. Na Forsberg, mfungaji bora wa historia yetu, hakuja kwa fedha za Julai. Alikuja Aprili 2013 akiwa na miaka 18, hajacheza hata mechi moja ya ligi kuu, kwa kubadilishana na Martin Erat aliyekuwa ameshazeeka kimchezo. Safari ile sisi ndio tuliochukua kijana na wenzetu wa Washington ndio waliokuwa na haraka.

Soko la Julai lina tabia yake, na mashabiki wengi hatuitazami kwa makini. Mchezaji wa NHL kwa kawaida hawi huru kabisa hadi atimize miaka 27, au awe amecheza misimu 7. Timu yenye senta kijana wa daraja la juu haisubiri siku hiyo ifike, inamfunga mapema kwa mkataba mrefu, mwaka mmoja zaidi ya ule ambao timu nyingine inaweza kumpa. Kwa hiyo wanaobaki mnadani Julai 1 ni wale ambao timu zao zimekaa, zimepiga hesabu, na zimeamua kuwaachia. Tampa walimjua Stamkos kwa miaka 16. Vegas walikuwa na Marchessault tangu siku yao ya kwanza, 2017, na ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa mchujo walipotwaa kombe 2023. Hawa hawakuwa watu wajinga kuwaachia. Nashville wana chambo kizuri, kwa sababu Tennessee haikati kodi ya mapato ya jimbo kwenye mshahara, na mji unapendeza. Chambo kizuri huvutia samaki waliopo majini. Senta tunayemtaka hayumo kwenye maji hayo.

Na ukishalipa umelipa. Kikomo cha mishahara kwa msimu wa 2024-25 kilikuwa dola milioni 88 kwa timu nzima. Wale watatu wa siku moja walichukua milioni 20.5, karibu robo.

Haki itendeke pia. Josi alicheza mechi 53 tu, na baadaye akaeleza hadharani maradhi yanayomsumbua. Beki anayeanzisha mashambulizi akikosekana timu nzima inachechemea. Beki Ryan McDonagh alikuwa amerudishwa Tampa Mei 2024, na pasi yake ya kwanza kutoka nyuma, ile isiyopigiwa makofi, tuliitamani majira yote ya baridi. Saros hakuwa Saros tunayemjua. Na kuna bahati. Kuna wiki za mwanzo ambapo paki iligonga mwamba, ikagonga mguu wa kipa, ikagonga kila kitu isipokuwa wavu. Wanaosema timu ile haikuwa mbovu kama nafasi ya 30 inavyoonyesha wana hoja.

Sikubali tu wanapotaka bahati ibebe mzigo wote. Kocha Andrew Brunette aliletwa kwa sababu Florida Panthers, si wale wa Tampa, walipokuwa mikononi mwake, 2021-22, walifunga kuliko timu yoyote ya ligi. Hoki yake ni ya kasi: beki anaitoa paki haraka, senta anaipokea akiwa tayari anatembea, mawinga wamefunguka, adui hajajipanga. Kwa hoki ya namna hiyo unahitaji miguu michanga na senta anayepokea katika mwendo. Meneja akampelekea wapigaji wa miaka 33 na 34 wanaopenda kusubiri paki mahali pao. Kila mmoja wao kivyake ni mchezaji mkubwa, lakini mpishi aliyeagiza samaki ameletewa nyama, halafu wanamuuliza mchuzi wa samaki uko wapi.

Jumamosi asubuhi huwa ninampeleka mwanangu Ford Ice Center, ule uwanja wa barafu wa hapa Antioch unaoendeshwa na Predators wenyewe. Watoto wa miaka 8 wakiachwa wacheze wapendavyo, wote wanakimbilia mbele ya goli na kuinua magongo juu wakiita paki. Nyuma hakuna mtu. Kocha wao, dada mvumilivu kuliko mimi, ana zoezi moja: bao halihesabiwi mpaka mpigaji aseme kwa sauti nani alimpa. Wiki za kwanza watoto walikuwa wanasahau, wanageuka kutafuta, wanaoneana haya. Siku hizi mwanangu akifunga, kabla hajainua mikono ananyoosha gongo kumwonyesha aliyempa. Nilipokuwa ninarudi jukwaani Bridgestone majira ya baridi, nikitazama wale wanaume wa mamilioni wakiinua magongo wote watatu upande mmoja, nilikuwa ninamkumbuka yule dada.

Kiangazi hiki klabu imetulia zaidi, na kwangu hiyo ndiyo habari njema ya kwanza kwa mwaka mzima. Erik Haula, senta aliyewahi kuchezea hapa, amerudishwa kutoka New Jersey kwa gharama ndogo. Nicolas Hague ameletwa kutoka Vegas kuongeza urefu kwenye ulinzi, Nick Perbix amesajiliwa. Hakuna mmoja wao atakayefunga mabao 30. Wenzangu kwenye kundi wamekasirika, wanataka jina. Kikomo cha mishahara kimepanda hadi dola milioni 95.5, wanasema, kwa nini hatutumii? Mimi nasema heri nafasi hiyo ikae wazi kuliko ijazwe na mpigaji wa nne wa duara la kushoto.

Habari kubwa iko kwingine. Juni 27, zawadi pekee ya msimu ule mbaya ilipokuja, Predators walichagua wa tano katika uteuzi wa chipukizi, na wakamchukua Brady Martin, senta wa miaka 18 anayechezea Sault Ste. Marie, Ontario. Shughuli ilikuwa Los Angeles, vijana wenzake wamevaa suti. Yeye alibaki nyumbani Elmira, kwenye shamba la mifugo la familia yao, na jina lake lilitangazwa akiwa hukohuko. Wanaomfahamu wanamsifu kwa kugombea paki kwenye kona na kuitoa ikiwa hai, na hiyo ndiyo kazi tuliyokuwa tunaililia.

Ombi langu kwa Trotz na Brunette ni wasimpe kijana huyu mzigo wa Stamkos. Najua kishawishi kitakuwepo Septemba, mambo ya mazoezi yakianza. Watamwona ana mwili, ana moyo, na pale katikati pana pengo. Sheria inaruhusu mchezaji wa umri wake kucheza mechi 9 na kurudishwa ligi ya vijana bila mwaka wa kwanza wa mkataba kuanza kuhesabiwa. Wamwonjeshe mechi chache, ajue kasi ya wakubwa ilivyo, kisha wamrudishe Sault Ste. Marie akacheze dakika 20 kila usiku na kubeba paki yeye. Fiala alipotea kwa sababu mtu alitaka jibu mwezi Februari.

Kwa wakati huu, Haula awekwe na Stamkos wakati wa adhabu, Forsberg ahamishiwe upande wa kulia au mstari wa pili, na duara la kushoto liwe na mwenye nalo mmoja. Litamuudhi mtu. Na mabao huenda yakawa haba majira mengine ya baridi. Nimeshalipia tiketi zangu mbili za juu kabisa, mimi na mwanangu, na nimemwambia asitazame goli, amtazame senta.